Ruhusa ya Kudumu

Baba alipofariki, kompyuta yake ya mezani nayo haikukaa sana. Ilizimika siku moja na haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akachomoa diski, akaitia kwenye kasha dogo la USB na kunikabidhi, akaniambia kilichoharibika ni mashine tu, mafaili yote yamo. Nilishukuru. Hitima ya mwaka ilikuwa inakaribia na ndugu walikuwa wanaulizia picha: za harusi ya wazazi wetu, ambazo baba mwenyewe aliziskani moja moja, za bibi akiwa amekaa barazani Ngamiani na kanga zake, za watoto ambao sasa nao wana watoto. Kazi iliyobaki, nilivyoiona mimi, ilikuwa ndogo. Nitaichomeka diski kwenye kompyuta yetu ya sebuleni, niishee folda ya picha kwenye mtandao wa nyumbani, ili binti yangu kwa laptopu yake, na mdogo wangu ambaye angekuja kutoka Dar es Salaam, wachukue wanachotaka. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, na sehemu yake moja haijaisha mpaka leo ninapoandika.

Nilipobonyeza folda yenye jina la baba, Windows iliniambia kwamba kwa sasa sina ruhusa ya kuifungua, na kwamba nikibonyeza kitufe cha kuendelea nitapata ruhusa ya kudumu. Ujumbe wa kompyuta nimezoea kuupita bila kuusoma. Huu niliusoma, nikaurudia. Ruhusa ya kudumu, kutoka kwa nani? Mwenye folda yuko kaburini. Mashine iliyokuwa inamjua haiwaki. Na mimi niliyeshika kipanya nilikuwa na uwezo wa kujiruhusu mwenyewe kwa sababu moja tu, kwamba akaunti yangu kwenye kompyuta ya sebuleni ni ya msimamizi.

Baadaye, kwa kusoma taratibu na kuuliza, nilielewa kinachotendeka. Diski zinazotumia mfumo wa NTFS, ambao Microsoft iliutoa pamoja na Windows NT mwaka 1993, huandika kwa kila faili nani ni mwenyewe na nani anaruhusiwa kufanya nini. Lakini haziandiki jina la mtu. Huandika namba ndefu, ambayo kwa akaunti za kawaida za nyumbani huanza na S-1-5-21, na namba hiyo hutungwa siku akaunti inapofunguliwa. Jina tunaloliona kwenye skrini huletwa na mashine inayoijua namba hiyo. Diski ikihamia kwenye mashine nyingine, namba hubaki peke yake, na pembeni yake huandikwa kwamba akaunti haijulikani. Hata ningefungua akaunti mpya na kuipa jina la baba herufi kwa herufi, nikaiwekea na nywila yake ile ile, kompyuta ingeipa namba nyingine na mafaili yake yangeikataa. Nilikaa na jambo hili siku nyingi. Nimerithi jina la baba, wengine wanasema hata mwendo wake, na nyumba tumegawana kwa sheria. Imani ambayo watu walimpa yeye, je, nayo imo katika mirathi? Nilikuwa sijawahi kujiuliza swali hilo mpaka nilipoiona namba ile ndefu isiyo na jina.

Nilibonyeza. Kilichofanyika ni kwamba akaunti yangu iliongezwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Pale panapoandikwa mwenye folda, namba ya baba haikuguswa. Jambo hilo lilinifariji, sijui kwa nini, au labda najua: nilikuwa nimeingia, lakini sikuwa nimemwondoa.

Ndani mlikuwa na picha, zaidi ya tulizozitarajia. Kulikuwa na kumbukumbu za ukoo, nani kamzaa nani na katoka wapi, kazi aliyoifanya kwa miaka bila kumwambia mtu. Na kulikuwa na folda aliyoiita Barua za Watu.

Baba alikuwa mwalimu, na alipostaafu aliwaandikia watu barua. Alianza na taipureta, kisha kompyuta. Watu wa mtaani walimjia barazani na mambo yao: maombi ya kazi ya mtoto, mgogoro wa kiwanja, madai ya mirathi, malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, mume aliyeondoka akaacha watoto bila matumizi. Walimweleza kwa sauti ya chini, yeye akayapanga maneno yao katika Kiswahili ambacho ofisini kingesomwa mpaka mwisho. Sikufungua barua hata moja siku ile. Lakini baba alikuwa mtu wa utaratibu, kila faili alilipa jina la mwenye shida na shida yenyewe, na majina hayo peke yake yalitosha kunijulisha mambo ya watu ambao tunaamkiana kila asubuhi. Nilifunga folda haraka. Nilichokiona kilikuwa kimeshaonekana.

Nikarudi kwenye picha, ambazo ndizo zilizokuwa zinangojewa.

Binti yangu aliandika anwani ya kompyuta ya sebuleni kwenye laptopu yake, akajibiwa kwamba njia hiyo ya mtandao haikupatikana. Tulizima ruta tukaiwasha. Tukakagua waya. Tukalaumu umeme, ambao siku hiyo ulikuwa umekatika na kurudi. Kumbe kompyuta ya Windows inapoungwa kwenye mtandao mpya hutaka kujua kama mtandao huo ni wa binafsi au wa mahali pa watu wengi, na isipoambiwa hujichukulia iko mahali pa watu wengi, ikajificha isionekane na wenzake. Yetu ilikuwa imejificha hivyo tangu siku tulipobadilisha ruta. Nilipoiambia kwamba hapa ni nyumbani, jibu lilibadilika: sasa binti alielezwa kwamba hana ruhusa.

Alikunja uso, akaona hatujasogea hata hatua moja. Mimi nilifurahi. Kuambiwa njia haikupatikana ni kwamba ulichokituma hakikumfikia mtu, au aliyefikiwa hakujibu. Kuambiwa huna ruhusa ni kwamba umefika, umesikika, na umekataliwa. Haya ni mambo mawili mbalimbali na hutibiwa kwa dawa mbalimbali, na fundi yeyote anajua kuyatenganisha kabla hajagusa kitu. Lakini usiku ule nilipolala nilijikuta nawaza watu ambao kimya chao nilikipokea kama kukataliwa. Kuna ndugu mmoja ambaye tuliacha kusemezana baada ya mimi kumwandikia nikaomba jambo, naye asijibu. Nilijenga juu ya kimya kile maelezo marefu ya chuki yake kwangu, nikaishi nayo. Mpaka leo sijui kama alinikataa au hakunisikia. Sikuwahi kwenda kuuliza. Nilikuwa nimeshajiamulia jibu, na jibu la kujitungia halina mahali pa kulikagua.

Kilichofuata kilikuwa kidogo. Kompyuta ya sebuleni ilimtaka binti jina la akaunti na nywila, naye akaandika zile tarakimu za PIN anazofungulia laptopu yake. PIN ya Windows ni ya mashine ile tu iliyowekewa, haivuki mtandao. Nikamfungulia akaunti yake kwenye kompyuta ya sebuleni, akaingia kwa jina lake na nywila yake. Aliiona folda. Aliibonyeza. Akakataliwa tena.

Hapa ndipo nilipokwama zaidi. Nilikuwa nimeishea folda, nimeiandika akaunti yake kwenye orodha, nimempa kusoma na kubadilisha. Nilifungua ile orodha nikaitazama, jina lake lipo. Nikaifunga, nikaifungua, lipo. Sikujua wakati ule kwamba Windows ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya kushea, nayo huangaliwa pale tu mtu anapoingia kwa njia ya mtandao. Ya pili ni ya faili lenyewe, ile iliyoandikwa kwenye diski, nayo huangaliwa daima, awe mtu amekaa mbele ya kompyuta au yuko chumba cha pili. Anayekuja kwa mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo finyu zaidi ndiyo inayoamua. Nyumba zetu za Kiswahili zimejengwa hivyo: karibu ya barazani ni ya kila mpita njia, lakini haimvushi mtu mpaka ukumbini, wala ya ukumbini haimwingizi chumbani. Binti yangu alikuwa amekaribishwa barazani na mama yake kwa moyo wote. Mlango wa chumba ulikuwa bado unalindwa na orodha ya babu yake, ambayo ndani yake lilikuwa limeongezwa jina langu mimi peke yangu.

Kuna njia fupi ya kushea, ile ya kubonyeza folda na kumchagua mtu, ambayo hurekebisha orodha zote mbili kwa pamoja bila kukuambia. Mimi nilipitia ile ndefu, inayogusa orodha ya kwanza tu. Nashukuru sasa kwamba nilipitia ile ndefu.

Kwa sababu nilipolielewa hili, fikra hazikubaki kwenye kompyuta. Tangu binti yangu akiwa mdogo nimekuwa nikimwambia, nieleze jambo lolote, mimi ni mama yako. Sikuwa namdanganya. Nilikuwa namaanisha, na ningeapa kwa hilo. Lakini mwaka uliopita alianza kunieleza kwamba anafikiria kuacha kozi aliyoichagua chuoni, akafika nusu, akanyamaza, akasema basi Mama, si kitu. Sikuwa nimemkatiza. Sikuwa nimesema hapana. Nilijiuliza kwa muda ni nini kilichomfunga mdomo, nikaona ni ujana wake, nikaacha. Baada ya suala hili la orodha mbili nilimuuliza. Aliniambia, bila kunilaumu, "Mama, mimi huwa naona kabla hujasema."

Huwa anaona. Kumbe ipo orodha nyingine ndani yangu ambayo sikuiandika mimi. Iliandikwa na jinsi nilivyolelewa, yapi husemwa mbele ya mzazi na yapi humezwa, na ilikuwa inaamua kila mara mwanangu alipokaribia, huku mimi nikimwonyesha ile ya juu yenye jina lake. Na kuna kanuni nyingine ya Windows iliyoniuma nilipoikuta: mtu akiwa katika makundi kadhaa, ruhusa zake hujumlishwa, lakini katazo moja likiandikwa wazi kwenye faili huzishinda ruhusa zote zilizoandikwa hapo. Nina makatazo kadhaa niliyoyatamka kwa hasira alipokuwa mtoto. Mimi nimeyasahau. Sina hakika kama yeye ameyasahau.

Hata hivyo sitaki kuharakisha kusema kwamba dawa ni kufungua kila kitu. Mzazi naye ana vyumba vyake, na mtoto ana vyake. Baba yangu alinipenda na kuna mambo hakuniambia mpaka anakufa, na nikiyatazama sasa naona mengine alifanya vyema kuyanyamazia. Ninachojaribu kujifunza ni kidogo kuliko hapo: ninaposema karibu, niende nikaangalie kama na mlango wa ndani unasema hivyo. Kama hausemi, nimweleze mtu mapema, asisimame kwenye kizingiti akajiona yeye ndiye mwenye kasoro.

Mdogo wangu alipiga simu. Yeye ni fundi, mambo haya kwake ni ya kila siku. "Dada, unajitesa bure," alisema. "Ishee diski yote. Kwenye orodha zote mbili weka Kila Mtu, mpe udhibiti kamili, na sharti la paswedi ulizime. Yaishe."

Ushauri wake haukuwa wa uzembe. Ndani yake mlikuwa na ukarimu ambao ninamjua nao tangu utotoni: mali ya baba ni yetu sote, kwa nini mmoja wetu akae na funguo? Na kwa upande wa ufundi alikuwa sahihi, ingefanya kazi papo hapo. Nilikuwa nimechoka na nilikaribia kufanya hivyo. Kilichonizuia ni kuwaza kila mtu maana yake nani hasa katika nyumba yetu. Watoto wa jirani wanaijua paswedi ya waifai yetu, mimi mwenyewe niliwapa wajisomee. Wageni wa hitima wangekuja na simu zao na laptopu zao. Sharti la nywila likizimwa, yeyote aliye kwenye mtandao ule angeweza kufika, na kwenye diski ile ile, hatua moja kutoka kwenye picha za harusi, kulikuwa na Barua za Watu. Mtoto wa jirani angeweza kukutana na shida ya baba yake mzazi imeandikwa kwa jina.

Njia tunayoitumia kushea mafaili, inayoitwa SMB, ilibuniwa na Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwaka 1983, katika dunia ya kompyuta chache za ofisini zinazojuana. Toleo lake la kwanza liliendelea kuishi ndani ya mashine zetu muda mrefu baada ya dunia hiyo kwisha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita humo humo, kikihama kutoka mashine moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza kitu, kikafika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka ule ule, lakini mashine nyingi hazikuwa zimekiweka. Mwishoni mwa mwaka huo matoleo mapya ya Windows 10 yakaanza kuliondoa toleo lile la kwanza. Nilipomsimulia mdogo wangu alisema anayajua yote hayo, na kwamba nyumba yetu si hospitali ya Uingereza. Kweli, si hospitali. Ila watu walimwambia baba mambo ambayo humwambia daktari.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Basi Dada, fanya unavyoona." Sikujua, na bado sijui, kama alikubali au alichoka.

Nilidhani basi nimekuwa mlinzi mzuri wa barua zile, mpaka nilipojua jambo jingine. Ruhusa hizi za faili zinatiiwa na kompyuta inayozisoma, hazigeuzi maandishi kuwa fumbo. Mtu yeyote akiichukua diski ya baba na kuichomeka kwenye kompyuta ambayo yeye ni msimamizi, ataletewa kitufe kile kile nilicholetewa mimi, na ruhusa ile ile ya kudumu. Bila kuzisimba data zenyewe, kinachobaki kulinda ni mkono ulioshika diski. Nilikuwa nimeilaumu kompyuta kwa kunizuia kwenye picha za baba yangu, na sasa niliona kwamba kwenye barua haimzuii mtu. Iliniuliza tu kama nataka kuendelea. Uamuzi wote ulikuwa wangu, na niliufanya kwa sekunde moja, kwa kidole.

Baada ya hitima alikuja bibi mmoja wa mtaa wa pili. Nilimwamkia, akakaa, akachukua muda kabla ya kusema lililomleta. Baba alimwandikia barua ya kiwanja chake miaka mingi nyuma, nakala yake imeharibiwa na maji ya mvua, na sasa kuna mtu anamsumbua kuhusu mpaka. Aliuliza kama barua ile bado ipo. Halafu akaongeza, "Lakini marehemu aliniahidi hatamwonyesha mtu, mwanangu." Nilimwambia sijaisoma na sitaisoma asipotaka. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo nitaisoma mimi kwa sauti, na yeye atanisikiliza aone kama ndiyo yenyewe.

Tuliichomeka diski, tukalitafuta jina lake, nikamsomea. Ndiyo yenyewe. Nilimchapishia nakala mbili. Kwa faili lile moja nina ruhusa ambayo hakuna kitufe kilichonipa, na yule bibi aliitoa akiwa amekaa kwenye kiti changu, akijua anachokitoa. Nikailinganisha na ruhusa ya kudumu niliyojipa mwenyewe ile siku ya kwanza, na sikupata namna ya kuziita kwa jina moja.

Kuhusu picha, tulifika. Windows ina tabia ambayo kwanza ilinisumbua, kisha ikanisaidia: faili likihamishwa ndani ya diski ile ile hubeba ruhusa zake za zamani, lakini likinakiliwa hupokea ruhusa za folda linamoingia. Nilikuwa nimejaribu kuzihamisha picha ndani ya diski ya baba, zikaenda na makatazo yake. Basi nikatengeneza folda mpya kwenye diski ya kompyuta ya sebuleni, nikaipangia orodha zote mbili tangu mwanzo, nikanakili picha na kumbukumbu za ukoo, na barua nikaziacha pale pale. Binti akafungua, picha ya bibi yetu ikatokea kwenye laptopu yake chumbani, akaniita kwa sauti kama kwamba bibi mwenyewe kapiga hodi.

Nilikuwa nimewapa wote kusoma tu, nikiona ndiyo salama. Baada ya muda mfupi binti akalalamika kwamba anataka kuandika majina ya waliomo kwenye picha, na kila anapohifadhi anakataliwa. Nilisita. Kuwaonyesha watu kumbukumbu za familia ni jambo moja, kuwapa kalamu ni jingine. Picha moja ya harusi alikuwa ameiandikia kwamba aliyesimama nyuma ya bwana harusi ni baba mkubwa, shangazi akatazama akasema si kweli, ni rafiki wa baba wa Pangani, na akasimulia kisa cha rafiki yule ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisikia. Nikaona kwamba kama ningewaachia kusoma tu, jina lisilo sahihi lisingeandikwa, lakini shangazi naye asingekuwa na la kusahihisha, na kisa kile kingebaki naye.

Kwa hiyo nikampa binti kubadilisha, na nikaweka nakala ya kila kitu pembeni, isiguswe na mtu. Shangazi, ambaye anajua majina kuliko sisi wote, hana akaunti kwenye kompyuta yoyote wala haitaki. Siku za Jumapili binti hukaa naye, yeye husema, binti huandika. Kwenye orodha ya Windows yupo binti yangu, shangazi hayupo. Nimemwambia awe anaandika chini ya kila picha jina la aliyesimulia.

Barua za Watu bado ziko kwenye diski ya baba, na diski iko kwenye sanduku lake la vitabu, limefungwa. Nimewahi kufikiria kuzifuta zote, nikamkumbuka yule bibi na kiwanja chake. Nimefikiria kuwarudishia wenyewe mmoja mmoja, lakini wengine wameshafariki, wengine wamehama, na wengine wangeshtuka kujua kwamba zipo. Mdogo wangu anasema nizisimbe kwa nywila na nimpe yeye nakala ya nywila hiyo. Huenda nikafanya hivyo. Sijaamua, na sioni kwamba kuchelewa kwangu ni hekima.

Baba angeweza kunijibu kwa sentensi moja, kama ningemuuliza alipokuwa amekaa mbele ya kompyuta ile na mimi nikimpelekea chai. Wewe ambaye mzazi wako yu hai na ana kompyuta, au simu iliyojaa miaka yake, kaa naye wiki hii. Muulize ipi ni ya watoto, ipi ni ya watu, ipi ifutwe, na nani apewe kalamu. Andika majibu yake mbele yake.